Kifaa cha betri kinajizima kila kikiwaka? Dhibiti mkondo wa kuanzia

Kinachoangusha vifaa vingi vya betri si umeme vinaotumia kwa siku nzima, bali ule vinaouvuta katika milisekunde chache za kwanza. Hesabu ya wastani inaweza kukuambia betri itadumu mwaka, kumbe kifaa hakiwezi hata kumaliza kuwaka.

Chukua ESP32, chipu ndogo ya kuendesha vifaa yenye Wi-Fi ndani yake, inayolishwa moja kwa moja na betri mbili za AA zilizokwishatumika, zinazosoma 2.8 V zikiwa zimetulia. Tuseme kila moja ina ukinzani wa ndani wa omu 1, na waya pamoja na kishikio vinaongeza omu 0.3. Redio ya Wi-Fi ikirusha kwa nguvu kamili huvuta takriban mA 240. Zidisha 0.24 kwa 2.3: volti 0.55 zinapotea njiani, moduli inabakiwa na 2.25 V. Kilinzi cha volti ndogo kilicho ndani ya chipu, ambacho kwa kawaida huwa kimewekwa karibu na 2.43 V, kinairudisha chipu mwanzo. Mzigo ukiondoka betri inapanda tena, chipu inaanza upya, inaanguka tena. Ukikiacha hivyo usiku kucha, utakuta betri imekwisha kabisa.

Wengi hukimbilia kukizima kilinzi hicho kwenye programu. Usifanye hivyo. Chipu ikiendelea kufanya kazi chini ya volti yake, inaweza kuandika takataka kwenye kumbukumbu ya flashi, na hapo tatizo si la betri tena.

Anza kwa kupima. Multimita haitakusaidia hapa, kwa sababu inasoma wastani na kilele cha mkondo kinapita kabla haijajibu. Weka rezista ya omu 0.1 kwenye waya hasi wa betri, kisha usome volti zake kwa oskiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika kwa wakati, iliyotegwa kunasa tukio moja. mA 240 zitaonekana kama mV 24. Rezista ya omu 1 ni rahisi zaidi kusoma, lakini yenyewe itakula karibu robo ya volti na kuharibu kipimo. Chomoa waya wa USB kabla ya kupima, la sivyo kompyuta italisha kifaa, au mkondo utaizunguka rezista kupitia ardhi ya oskiloskopu.

Ukishaona umbo la kilele, punguza mzigo kwanza. Kwenye programu ya Arduino, mstari wa kwanza wa `setup()` uwe `setCpuFrequencyMhz(80)`, kwa kuwa Wi-Fi haihitaji zaidi ya hapo. Punguza nguvu ya kurusha kwa `WiFi.setTxPower()`, lakini uiite baada ya redio kuwashwa. Ukiiita mapema haibadilishi kitu. Hifadhi namba ya chaneli na anwani ya ruta ili kifaa kisitafute mitandao upya kila kinapoamka. Sensa na skrini ziwashwe moja baada ya nyingine, redio ikiwa bado imelala.

Kuna kosa moja la saketi ambalo programu haiwezi kulitibu. Chipu inapoanza, pini zake nyingi huwa zinaelea, haziko juu wala chini. Transista ya P-MOSFET, inayotumika kama swichi ya kulisha sensa, inaweza kufunguka (kupitisha umeme) yenyewe wakati huo. Weka rezista ya kΩ 100 kati ya geti (mguu wake wa kuiamuru) na sosi (mguu wa upande wa betri) ili ibaki imefungwa. Ukiongeza kΩ 10 kati ya pini na geti, na kapasita ya nF 100 kati ya geti na sosi, transista itafunguka polepole, kwa takriban milisekunde moja, na kapasita tupu za sensa hazitameza mkondo kwa mkupuo.

Kapasita kubwa, ya kuisaidia betri wakati wa kilele, ije mwisho. Ukubwa wake ni mkondo wa ziada mara muda wa kilele, gawanya kwa volti unazokubali kupoteza. A 0.2 kwa ms 0.5, ukikubali kushuka 0.2 V, inakupa µF 500. Iweke karibu kabisa na pini za moduli. Kapasita za seramiki hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikiwa na volti, kwa hiyo usiamini namba iliyoandikwa peke yake. Za elektroliti huvuja: ya µF 470 na 6.3 V inaruhusiwa kuvuja hadi karibu µA 30, mara tatu ya mkondo wa ESP32 iliyolala usingizi mzito. Iache kwenye volti dakika kadhaa ndipo upime uvujaji wake.

Ukitumia kidhibiti volti, AMS1117 haifai kwa betri: chenyewe kinakula takriban mA 5 na kinahitaji zaidi ya volti moja ya ziada. MCP1700 kinakula µA 1.6 tu, ila kinatoa mA 250, na Espressif, wanaotengeneza ESP32, wanashauri chanzo cha mA 500 au zaidi kwa chipu hiyo.

Kwenye programu, soma `esp_reset_reason()`, inayotaja sababu ya chipu kuanza upya, mwanzoni kabisa. Ikirudisha `ESP_RST_BROWNOUT`, yaani volti zilishuka mno, usiguse redio. Kilaze kifaa saa nzima.

Jaribu kazi yako kwa chanzo cha maabara kilichowekwa 2.7 V, ukiunganisha rezista ya omu 2 kwa mfululizo kuigiza betri iliyochoka. Kifaa kikiwaka hapo mara ishirini mfululizo bila kujianzisha upya, rudia na betri halisi zilizokaa kwenye friji, maana baridi huongeza ukinzani wa ndani.