Kumwandaa mkuu wa ujasusi kwa kikao cha kamati ya Bunge, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa afisa wa sheria aliyeletewa barua ya Bunge mezani na kuambiwa, "Mwandae mkubwa." Taasisi yenyewe ni ya siri, na kikao ni cha wanasiasa. Nitaitumia Idara ya Kitaifa ya Ujasusi ya Kenya, NIS, kama mfano, kwa sababu sheria zinazoigusa ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Mara moja nitavuka hadi Washington, kwani yaliyotokea kule ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 1: Jua mnaitiwa nini

Soma barua ya karani wa kamati mara mbili. Je, ni kikao cha uangalizi, yaani bajeti, utendaji au tukio fulani? Au ni mswada unaojadiliwa? Maandalizi yake hayafanani. Wala usipoteze asubuhi mkibishana kama mtaitika. Kifungu cha 125 cha Katiba ya 2010 kinaipa kamati yoyote ya Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote, kwa nguvu zilezile za Mahakama Kuu za kumlazimisha shahidi afike na alete nyaraka.

Hatua ya 2: Omba faragha mapema, mada kwa mada

Idara haina mamlaka ya kufunga mlango. Kwa Kifungu cha 118, Bunge hufanya kazi hadharani, na wananchi na wanahabari hawatolewi nje mpaka Spika aridhike kwamba kuna sababu za kipekee. Basi chukua ajenda, na mbele ya kila mada andika "wazi" au "faragha", pamoja na sababu. "Usalama wa taifa" si sababu, hilo kila mtu analisema. "Jibu litaonyesha habari zilipatikana kwa njia gani" ni sababu.

Sheria inayoiongoza idara, utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi, sera za jumla: hayo yazungumzwe wazi. Ukiomba kikao kizima kiwe cha faragha, wabunge watadhani mnakwepa, na mara nyingi watakuwa sawa.

Hatua ya 3: Tayarisha jibu la wazi kwa kila swali la siri

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako.

Tarehe 12 Machi 2013, James Clapper, mkuu wa ujasusi wa Marekani, alikuwa mbele ya kamati ya ujasusi ya Seneti, kamera zikiwaka. Seneta Ron Wyden akamuuliza kama NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, inakusanya data ya aina yoyote ya mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana, akaongeza kwamba si kwa makusudi. Ofisi ya Wyden ilikuwa imempelekea swali hilo siku moja kabla. Mwezi Juni, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyefanya kazi NSA kupitia kampuni binafsi, zikaonyesha kwamba rekodi za simu zilikuwa zikikusanywa kwa wingi, na Clapper akaiandikia kamati kukiri kwamba jibu lake lilikuwa na makosa.

Tazama vizuri alivyonaswa. Ndiyo ingefichua siri. Hapana ilikuwa uongo. Alihitaji sentensi ya tatu, na sentensi ya namna hiyo haitungwi mtu akiwa ameshakalia kiti cha shahidi.

Iandike kwenye kadi, kwa mfano: "Mheshimiwa Mwenyekiti, maswali yote kuhusu mbinu za kukusanya habari nitayajibu kikao kikiwa cha faragha, na nyaraka ninazo hapa." Kisha mwonye mkubwa wako: sentensi hiyo itumike hata pale jibu la kweli ni "hapana, hatufanyi hivyo". Akijibu hapana waziwazi kwa maswali manne, halafu la tano aombe faragha, ameshalijibu la tano. Wanahabari wanaijua hesabu hiyo kuliko wanasheria wengi.

Na hizo nyaraka ziwepo kweli. Faragha ikifika na mkubwa hana kitu mkononi, sentensi hiyo haitafaa tena mwaka huo.

Hatua ya 4: Kama ni tukio, peleka jedwali la tarehe

Baada ya shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililoua watu 67, mabishano makubwa yalikuwa kama onyo lilitolewa, na kama lilitolewa, nani alilipuuza. Ripoti ya kamati za Bunge kuhusu shambulio hilo ilikataliwa na Bunge la Kitaifa mwaka uliofuata. Kwa mwito wa aina hii, hotuba haisaidii. Tengeneza safu nne: tarehe, habari iliyopatikana, aliyepelekewa, na uthibitisho kwamba aliipokea. Safu ya nne ndiyo huwa tupu, kwa hiyo anza nayo.

Hatua ya 5: Kama ni mswada, taja haki mnayoipunguza

Idara nyingi huja na orodha ya mamlaka zinazotaka, basi. Kifungu cha 24 cha Katiba kinadai zaidi: sheria inayobana haki itamke wazi ni haki gani, na inabanwa kwa kiasi gani. Ukitaka kusikiliza mawasiliano, unagusa Kifungu cha 31, cha faragha ya mtu. Eleza nani atatoa kibali, kitadumu kwa muda gani, nani atakagua baadaye, na kwa nini njia nyepesi zaidi haitoshi.

Sheria ya marekebisho ya usalama ya 2014 ilipitishwa Bunge likiwa katika vurugu na kutiwa saini Desemba 19. Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vyake vinane. Andaa mswada kana kwamba majaji hao wameketi nyuma ya wabunge.

Hatua ya 6: Mazoezi

Mtu mmoja aigize mbunge mkali, na asiwe wa chini ya mkubwa, maana ataogopa. Fanyeni pia kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Bunge, na mbunge akiitumia, mkuu wa idara asionekane akitafuta maneno.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, na kesho yake

Nakala za siri zipewe namba, zigawiwe faragha ikianza na zikusanywe kabla mlango haujafunguliwa. Simu zibaki nje, zenu pia.

Mmoja wenu aandike kila "tutawaletea". Jioni hiyohiyo linganisheni orodha hiyo na kumbukumbu zenu, na kama kuna jibu lililokosewa, barua ya kulisahihisha iende kwa karani kabla mtu mwingine hajaligundua. Ahadi zilizobaki ziwe na jina la mhusika na tarehe, na karani apate nakala ya orodha nzima.