Kukodi boti nyembamba Uingereza: kabla hujashika kana

Majira ya joto yakikaribia, napigiwa simu na watu wa kwetu walioko Leicester na Coventry, na wengine waliokuja kutembea kutoka Tanga. Swali ni lile lile: zile boti ndefu za kwenye mifereji, sisi tunaziweza? Mnaziweza. Anayekodi hadaiwi leseni ya aina yoyote. Watu wa yadi ya boti watakupa somo fupi, kisha watakukabidhi hendeli mbili za kufungulia maji na boti ya tani kumi na kitu. Haya ninayoandika ni yale ambayo somo hilo huyapitia mbio.

Pa kuanzia, mimi nashauri Mfereji wa Oxford upande wa kusini, kutoka Braunston au Napton kuelekea Banbury. Loki zake, yaani vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, zina upana wa futi 7 tu, zinaingiza boti moja kwa wakati, kwa hiyo hakuna kubanana na jirani ndani ya shimo. Ukishamaliza loki 9 za Napton, unapata kama maili 11 zisizo na loki hata moja, na hapo ndipo mgeni anapojifunzia kuongoza. James Brindley, aliyeupanga mfereji huu, alikwepa vilima kwa kufuata ardhi ya kimo kimoja. Alifariki mwaka 1772, boti zikafika Banbury mwaka 1778 na Oxford mwaka 1790. Matokeo yake ni mfereji wenye kona zisizokwisha. Pale Wormleighton unakizunguka kilima karibu chote. Anayetaka kuswali asubiri mfunge boti kwanza, maana njia hiyo kibla kinahama kila baada ya dakika chache.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya saa. Chukua maili, jumlisha na idadi ya loki, gawanya kwa tatu. Maili 12 na loki 9 ni 21, basi ni saa 7. Kisheria mwisho wa mwendo ni maili 4 kwa saa, lakini ukipunguza kila unapopita boti zilizofungwa kandokando, na ni lazima upunguze, utajikuta kwenye maili 3. Saa tano kwa siku zinatosha. Kuna watu wanakodi kwa wiki moja na kutaka kuumaliza mzunguko wa mifereji wa Warwickshire, takriban maili 100 na loki zaidi ya 90. Gawanya mwenyewe uone. Hao huamka gizani kama wavuvi wa dagaa, na wakirudi kazini ndipo wanapopumzika.

Nyama halali nunueni mjini kabla ya kuondoka, kwa sababu njiani mna ng'ombe wengi na bucha hamna. Jiko ni la gesi, dogo lakini la kweli, na chapati zinapikika vizuri boti ikiwa imefungwa. Kwenye loki zimeni jiko, mafuta ya moto hayataki mshtuko. Chooni pelekeni kopo lenu. Watu sita wanaooga na kutawadha hulimaliza tangi haraka, kwa hiyo jazeni maji kila mnapopita bomba, ramani huyaonyesha.

Aliyekulia pwani hatapata tabu na kana, yaani mkono wa usukani: ukiisukuma kushoto, omo, mbele ya boti, linakwenda kulia. Kinachosumbua ni urefu. Boti ya futi 57 inajizungusha kwa katikati yake, kwa hiyo ukikata kona angalia pia tezi, nyuma ya boti, inakwenda wapi. Halafu ukiondoa moto wa injini kabisa, usukani unakufa, kwa sababu unategemea maji yanayosukumwa na pangaboi. Kwenye daraja jembamba punguza mapema, kisha weka moto kidogo unapopita. Breki hakuna, kuna gia ya kurudi nyuma, nayo haina haraka. Mkikutana na boti nyingine, kaa kulia, lakini usikimbilie ukingoni kungali mbali, kule ni kina kifupi na utapanda tope. Ukipanda, rudi nyuma taratibu, watu wahamie upande wenye maji mengi, kisha shika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Usijaribu kuizuia boti kwa mguu. Tani hizo hazijui mfupa.

Sasa loki. Ni chumba cha mawe au matofali chenye milango kila mwisho. Ndani ya milango, au ardhini kando yake, kuna vilango vya kupitishia maji vinavyonyanyuliwa kwa hendeli. Mkipanda, boti inaingia, mnafunga milango ya chini na kuhakikisha vilango vyake vimeshuka. Kisha mnafungua vile vya ardhini upande wa juu, nusu kwanza, boti itulie, ndipo mmalizie. Vya mlangoni, kama vipo, visubiri mpaka vimefunikwa na maji, la sivyo mtamwaga maporomoko juu ya omo. Mlango ukigoma kufunguka, msigombane nao: maji hayajalingana. Yakilingana, unaegemeza kalio kwenye boriti na unakwenda wenyewe.

Kushuka ni rahisi zaidi na ni hatari zaidi. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kilichotokeza ndani ya chumba, kimefichwa na maji. Ukingoni kuna mstari mweupe unaoonyesha kinapoishia. Tezi ikibaki nyuma ya mstari huo, maji yakishuka itakalia kizingiti huku omo likiendelea kushuka, na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Anayeshika kana kazi yake ni kutazama mstari huo, si simu. Mtu akipiga kelele, teremsheni vilango vya chini papo hapo, kisha jazeni tena kutoka juu. Na kamba msiifunge ngumu boti inaposhuka, itaning'inia.

Hendeli isiachwe kwenye mhimili hata kidogo. Kile kichuma cha kuzuia meno kikiteleza, inazunguka na kuruka, na pale ulipokuwa uso wako pana hasara. Watoto wavae jaketi za uokozi. Mfereji wenyewe mara nyingi ni wa kiunoni, loki sivyo.

Loki moja nyembamba inatumia lita laki moja na zaidi kila inapomwagwa. Ukiikuta imejaa na kuna boti inakuja kutoka juu, isubiri, itumie maji hayo. Kiangazi cha 2025 kilikuwa kikavu hadi njia kadhaa zikafungwa, kwa hiyo tazama matangazo ya Canal & River Trust, wanaotunza mifereji hii tangu 2012, kabla ya safari.

Jambo moja nimelichoka kuliona: baba kasimama kwenye kana na kikombe cha chai, mama na bibi wanasukuma milango. Mwenye nguvu apewe hendeli, mwenye utulivu apewe kana. Kwetu kana ni ya dada yangu mdogo, na shemeji ameshazoea.

Jioni fungeni upande wa njia ya miguu, upande wa pili mara nyingi ni mali ya watu. Ingiza omo kwa pembe, rudisha nyuma kidogo, mtu ashuke na kamba, ashuke, asiruke. Vigingi vipigwe mbali na njia, wapita baiskeli hawavioni. Injini izimwe saa mbili usiku. Pangaboi likinasa mfuko au nguo, zima injini na uchomoe ufunguo kabla ya kuingiza mkono kwenye kile kifuniko cha nyuma.

Na kugeuka: boti ni ndefu kuliko upana wa mfereji, hugeuzi popote. Ramani inaonyesha mapango, yaani sehemu pana zilizochimbwa ukingoni kwa kazi hiyo, pamoja na urefu yanaoweza kupokea. Chagua pango lako siku ya kwanza, kabla ya nusu ya muda wako kwisha. Ingiza omo ndani yake, na kama upepo unapuliza upande wako, uache usukume tezi.