Chaza wa Tridacna Anaponywea: Kutambua Vimelea na Kuviondoa

Chaza wa Tridacna (jenasi ya chaza wakubwa wa baharini) akianza kunywea kwenye tangi la matumbawe, mtu hukimbilia dawa. Subiri. Tiba ya konokono haimgusi protozoa, yaani kimelea cha seli moja, na tiba ya protozoa humchosha chaza bila kumtoa konokono hata mmoja. Jua kwanza nani anamla.

Pitisha kivuli cha mkono juu yake taa zikiwa zimewaka. Mwenye afya hurudisha vazi mara moja, lile nyama laini lenye rangi analolitandaza juu ya gamba. Akichelewa, au akibaki ameachama huku tundu la kuvutia maji limepanuka kupita kawaida, amedhoofika. Kabla ya kulaumu vimelea, pima maji: chumvi 1.025 kwa kipimo cha msongamano, joto nyuzi 24 hadi 27, alkali 8 hadi 11 dKH (nyuzi za ugumu wa kaboneti), kalsiamu 400 hadi 450 mg kwa lita. Kisha keti mbele ya tangi nusu saa bila kusogea. Samaki kipepeo na baadhi ya samaki malaika hudonoa vazi, na chaza anayedonolewa hujikunja kama aliyeugua. Mtoe samaki, siku mbili tatu baadaye chaza hujifungua mwenyewe. Vazi likififia kutoka katikati, tafuta tatizo kwenye mwanga au joto, maana hapo anapoteza mwani unaoishi ndani ya vazi na kumlisha kwa kutumia mwanga.

Mwisho, mwangalie chini. Nyuzi za kujishikizia zikivutwa kwa nguvu wakati wa kumbandua, tezi inayozitengeneza huchanika, na hilo huua bila kimelea chochote. Nyuzi hukatwa kwa wembe usawa wa jiwe, hazing'olewi.

Konokono wa piramideli

Hawa ndio wa kutafuta kwanza. Ni weupe, wembamba, wenye ncha, urefu wa milimita 2 hadi 4, kama punje ya mchele iliyokatika. Hawatafuni. Wana mrija mrefu wanaouchomeka kwenye ukingo wa vazi na kunyonya maji ya mwili. Chaza mkubwa huweza kuwavumilia kwa muda. Mdogo wa sentimita 5 huishiwa nguvu haraka.

Mchana hutawaona juu. Hujificha kwenye mikunjo ya magamba ya chini na kuzunguka tundu la nyuzi. Saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa hupanda hadi ukingo wa juu kula. Huo ndio wakati wa kukagua, kwa tochi uliyoifunika plastiki nyekundu ili chaza asijifunge. Ukiona vidoa vyeupe vimepangana kwenye mdomo wa gamba, umewapata. Usiwachanganye na konokono wadogo wanaolamba mwani kwenye kioo na miamba: hao hawakai kwenye ukingo wa vazi usiku, na ni wa faida. Kagua pia konokono wakubwa wa mwani, hasa wa jenasi za Trochus na Astraea, kwa sababu piramideli wengine huwanyonya hao.

Andaa ndoo mbili za maji ya tangi lenyewe, mswaki laini mpya, kibano na kijiti cha meno. Mwinue chaza na jiwe dogo aliloshikilia, usimbandue. Ndani ya ndoo ya kwanza, sugua gamba kutoka juu kwenda chini, ukiingiza nywele za mswaki chini ya kila mkunjo. Karibu na tundu la nyuzi tumia kibano badala ya mswaki. Nyama ya mguu iko pale pale. Sasa tafuta mayai: matone madogo ya utando kama jeli isiyo na rangi, yaliyoganda ndani ya mikunjo. Yanaonekana vizuri ukimwinamisha chaza dhidi ya taa. Yakwangue kwa kijiti hadi gamba likwaruze. Wengi huishia kwenye konokono na kuyaacha haya, kisha wiki chache baadaye hushangaa tangi limejaa upya.

Msuuze kwenye ndoo ya pili. Unapomrudisha, mzamishe akiwa amelala upande, umtikise taratibu mpaka mapovu ya hewa yaishe, ndipo umsimamishe. Maji ya ndoo zote mbili yasirudi kwenye tangi.

Usafishaji mmoja hautoshi. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 hadi ukaguzi wa usiku utoke safi mara tatu mfululizo, kisha endelea kukagua kila wiki kwa wiki 6. Inasaidia kumweka chaza kwenye kipande cha jiwe bapa kinachoinuka peke yake. Aliyejishika kwenye mwamba mkuu hasafishiki chini. Kumzamisha kwenye maji yasiyo na chumvi hakufai kwa adui huyu, kwani ana kifuniko cha kujifungia, na mayai yake yamo ndani ya jeli.

Samaki kama Pseudocheilinus hexataenia wa mistari sita au Halichoeres chrysus wa manjano huwadonoa konokono hawa. Wachukulie kama walinzi, si tiba: wenyewe hulala usiku, saa ile ile konokono wanapopanda.

Vazi lililobanwa

Dalili yake haifanani na nyingine. Sehemu moja ya ukingo wa vazi hujivuta ndani kama pindo la nguo lililokamatwa na kibanio cha kuanikia, huku katikati pakivimba. Siku zinavyopita ubanaji huzunguka ukingo wote. Anayeshukiwa ni protozoa, na hali hii huhama kutoka chaza mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo watibiwe wote siku moja, hata wanaoonekana wazima.

Hapa ndipo maji yasiyo na chumvi yanapofanya kazi. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosi, yasiyo na klorini. Kwa lita 20 koroga kijiko kimoja cha chai cha beking soda (si beking poda, hivyo ni vitu viwili tofauti), yapulizie hewa usiku kucha, kisha hakikisha pH inalingana na ya tangi, na joto halitofautiani kwa zaidi ya nyuzi moja. Zima pampu ya hewa, mzamishe chaza akiwa amelala upande, na uanze kuhesabu: dakika 20 kwa mdogo, hadi 30 kwa mkubwa. Atajifunga, halafu atalegea na kutoa ute, hilo linatarajiwa. Mgeuze mara mbili tatu ili maji yaingie ndani. Muda ukiisha, mrudishe moja kwa moja kwenye maji ya chumvi, mwanga ukiwa umepunguzwa siku hiyo.

Kosa la kawaida ni kumtoa dakika ya 5 kwa huruma. Kosa lingine ni kumzamisha aliyekwisha achama na asiyeitikia kivuli; huyo hana nguvu za kuvumilia. Ubanaji ukibaki baada ya siku kadhaa, dozi moja zaidi inatosha kujaribu.

Wawindaji na wasiotibika

Konokono wa Cymatium, mwenye gamba la kahawia lenye manyoya, si mnyonyaji bali mwindaji. Huingia kupitia tundu la nyuzi na kumlemaza chaza kwa mate yake. Chaza akiachama ghafla bila sababu, mgeuze na upekue mchanga chini yake. Mmoja tu anatosha kuua, naye hutolewa kwa mkono. Minyoo bapa ya jamii ya Stylochus nayo hujipenyeza kati ya magamba. Inatolewa kwa kibano, na maji yasiyo na chumvi huilegeza. Minyoo yenye nywele unayoikuta ndani ya chaza aliyekufa kwa kawaida imekuja kula mzoga.

Perkinsus ni protozoa mwingine, anayeweza kuacha vinundu vyeupe kwenye nyama. Hathibitishwi bila maabara, na hakuna dawa yake ya tangini. Perkinsus olseni yumo kwenye orodha ya magonjwa ya kuripotiwa ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, hivyo mzoga na maji yake visimwagwe baharini.

Dawa za shaba za samaki zisikaribie chaza yeyote. Huua kwa kipimo kidogo sana.

Karantini ya mgeni iwe wiki 4 hadi 6, kwenye tangi lisilo na mchanga lakini lenye mwanga wa kutosha, maana gizani atadhoofika kwa njaa na utadhani ni kimelea. Konokono wa mwani walionunuliwa siku hiyo hiyo wapite mlango huo huo.