SOMO: Kuchagua springi za kushusha gari la mtaani

Wakuu, swali la "nishushe kiasi gani?" nimelijibu mpaka basi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nawalenga wenye Altezza, Mark X, Impreza na ndugu zake: gari la kuendea kazini Jumatatu na Musoma mwisho wa wiki. Gari la maonyesho lina somo lake.

1. Nunua kwa msimbo wa chesisi (zile herufi na namba za modeli), siyo kwa jina la gari. Altezza SXE10 ni silinda nne, GXE10 ni sita. Uzito wa mbele haulingani.

2. Kagua shokapu. Inayovuja haifungwi springi mpya.

3. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, uandike.

4. Pima nafasi ya kubonyea. Hapa ndipo gari huharibika, kwa hiyo soma taratibu. Shokapu ina mwisho wa kubonyea, na mwisho huo unalindwa na raba iliyo juu kwenye fimbo. Kila milimita unayoshusha inatoka kwenye nafasi hiyo. Gari likiwa limesimama kwa tairi zake, sogeza kifuniko cha vumbi, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo, ishushe mpaka iguse mwili wa shokapu. Pakia watu unaowabeba kila siku, piga njia yako ya kawaida: Buhongwa mpaka Mwanza mjini, matuta yote, na kile kilima cha mawe cha kwenu. Ukirudi, kamba itakuwa imesukumwa juu. Kutoka kwenye kamba mpaka kwenye raba ndiyo akiba uliyobaki nayo. Kama ni milimita 25, springi ya kushusha 40 itakufanya utembelee raba.

Gari linalotembelea raba halina springi tena. Kwenye kona yenye shimo ugumu unapanda ghafla na tairi linaachia lami bila kukupa taarifa. Msikate hiyo raba kutafuta nafasi, isipokuwa maelekezo ya mtengeneza springi yanataka hivyo na yanataja kipimo. Na msiniambie "mbona haigongi": raba nzuri haipigi kelele.

5. Kwa barabara zetu, milimita 20 hadi 30. Zaidi ya hapo tafuta shokapu fupi zilizotengenezwa kwa springi hizo.

6. Ugumu husomwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya 4 inataka kilo 4 ili ibonyee milimita 1. Iliyoshushwa lazima iwe ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, maana nafasi imepungua. Ikiwa ngumu mno, shokapu ya zamani haiwezi kuituliza na gari litarukaruka. Zipo ambazo koili zake zimebanana upande mmoja: zinaanza laini, zinakuwa ngumu kadiri zinavyobonyea. Kwa gari linalobeba familia mimi napendelea hizo.

7. Kufunga: kibanio cha springi kiwe kizima, maana springi ikichomoka inaua. Bolti za mikono (vyuma vinavyounganisha tairi na bodi) zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa tairi zake. Ukikaza tairi zikining'inia, raba ya bushi, ile iliyo kwenye kiungo cha mkono, inabaki imesokotwa muda wote na itachanika mapema.

8. Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za tairi. Lazima.

MASWALI

Mdau, Igoma: Mkuu mi nataka ikae chini kabisa, inchi tatu. Bei gani?
— Hatua ya 4. Na siuzi springi.

Mdau, Nyakato: Fundi wangu anakata koili moja kwa grainda, miaka yote hakuna shida. Unatisha watu.
— Sitishi mtu. Mwambie ainue gari mbele yako, tairi lining'inie, ashike springi aizungushe kwa mkono. Ikizunguka, siku tairi litakaponing'inia barabarani springi inaweza kutoka kwenye kiti chake. Na wanaochoma kwa gesi ndio wabaya zaidi: chuma kinapoteza ugumu wake, kinaendelea kushuka chenyewe.

Dada wa Kirumba: Impreza yangu nimeishusha sana, lakini kwenye kona inalala kuliko mwanzo. Si ilitakiwa kutulia?
— Dada, swali zuri sana. Impreza ina strati mbele, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja zikishikilia tairi kwa juu. Gari likiwa na urefu wa kiwandani, mkono wa chini unalala karibu sawa na ardhi au unainamia tairi. Ukishusha mno, upande wa tairi unakuwa juu kuliko upande wa bodi. Hapo ile nukta ambayo bodi hulalia inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo ndio wenzo unaolaza gari, na wewe umeurefusha. Chungulia chini ya gari: kama mikono imepanda kuelekea tairi, rudisha juu kidogo, au tafuta boli jointi (kiungo cha mkono na tairi) zenye shina refu za gari hilo.

Mdau, Sengerema: Navuka na feri ya Kamanga. Bampa itapona?
— Kama sasa hivi inakwaruza rampu, hapana, usishushe. Kama unapita Usagara, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limekuondolea rampu upande huo.

Mdau, Mkolani: Nje ya mada kaka. Tangu nishushe, usiku wanaokuja mbele wananiwashia taa kali.
— Nyuma imeshuka kuliko mbele, kwa hiyo taa zinatazama juu. Linganisha na vipimo vya hatua ya 3. Kisha paki mbele ya ukuta kwenye sehemu tambarare, tangi nusu na wewe au mtu wa uzito wako kwenye kiti, uzungushe skrubu za nyuma ya taa mpaka mstari wa mwanga ukae chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Kama kuna swichi ya kupandisha taa ndani, iweke sifuri kabla hujaanza.