Kabichi na karoti za kipupwe uani, Tabora: anza mvua ikiwa bado ipo

Wengi hapa Tabora hukumbuka bustani mwezi wa Juni, baridi ya alfajiri ikishawatolesha masweta kabatini. Wamechelewa. Kipupwe chetu ni kifupi: Juni, Julai na kipande cha Agosti, Septemba jua linachoma tena. Kabichi inataka karibu miezi minne tangu mbegu hadi kisu. Hesabu kurudi nyuma, utajikuta Aprili, mahindi yakiwa bado shambani.

Hatua ya 1: Kitalu, katikati ya Aprili
Mita moja kwa mita moja inatosha familia. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1, vikiachana sentimita 15, dondosha mbegu moja moja, fukia, tandaza nyasi. Mbegu zikichomoza, ondoa nyasi jioni ileile na uweke kichanja cha kivuli chepesi. Mwagilia asubuhi, kwa kiasi. Miche iliyosongamana kwenye maji mengi hupata kinyausi: inanyong'onyea shingoni na kulala chini, na hapo hakuna dawa ya kuiamsha.

Hatua ya 2: Tuta
Udongo wetu ni kichanga, maji hayakai. Kwa hiyo kiangazi mimi siinui tuta, nalizamisha: tuta mbonyeo la upana wa mita 1, kina cha sentimita 15, kingo pande zote. Changanya ndoo ya lita 20 ya samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe imeoza kweli, haina joto wala harufu ya zizi. Na kaa mbali na mwembe, najua kila ua wa Tabora unao. Mizizi yake itakunywa maji yako yote.

Hatua ya 3: Kuhamisha
Wiki ya nne au ya tano, miche ikiwa na majani manne au matano. Lowesha kitalu kwanza, hamisha jioni, nafasi sentimita 50. Sota, viwavi wa udongoni, hukata miche usiku, basi kata chupa za maji ziwe pete, kila mche uvishe yake na uizamishe kidogo ardhini.

Hatua ya 4: Karoti
Karoti haihamishwi. Mwaka wangu wa kwanza niliona uchungu kutupa miche niliyong'oa kupunguzia, nikaipandikiza. Nilivuna vitu vyenye miguu mitatu. Panda palepale, mistari ikiachana sentimita 25, mbegu ukizichanganya na mchanga mkavu. Usiweke samadi mbichi, nayo huipasua mizizi. Funika kwa gunia bichi na uchungulie kila siku, maana zinaweza kuchukua wiki mbili kuota. Zikitoa majani ya kweli, yanayofuata yale mawili ya kwanza, punguzia zibaki zimeachana sentimita 5.

Spinachi, saladi na figiri hazina makuu. Panda mstari mmoja kila wiki mbili, usije ukala saladi nyingi wiki moja kisha ukakosa.

Hatua ya 5: Kutunza
Tandaza nyasi kuzuia unyevu usipotee, lakini zisiguse shina, kwa sababu mchwa wetu wanazipenda. Kila baada ya siku mbili geuza majani ya kabichi: viwavi viokote kwa mkono, vidukari vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Kabichi ikikaza ukiibonyeza, kata, ila kisiki kiache ardhini. Kitachipua vichwa vidogo, na hivyo ndivyo ninavyovipenda zaidi kwa ugali.