Simu Isiyoingiza Chaji: Pa Kuanzia Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Simu inapogoma kuingiza chaji, lawama za kwanza huangukia betri, na si ajabu kusikia mtu amenunua betri mpya ilhali kilichokuwa kimekufa ni waya ambao bei yake haitofautiani sana na sahani ya chipsi mayai. Umeme, hadi ufike kwenye betri, hupita katika soketi, kichwa cha chaja, waya, tundu la chaji na bodi ya simu, kisha programu ya simu yenyewe ndiyo huamua uingie kiasi gani au usiingie kabisa. Kwa hiyo uchunguzi uanzie ukutani kuelekea ndani ya simu, na kila mara kibadilishwe kitu kimoja tu. Ukibadilisha kichwa na waya kwa mpigo mmoja na simu ikachaji, hutajua kipi kati ya viwili hivyo ndicho kibovu, na utaendelea kukitunza kibovu pamoja na kizima.

Hakikisha kwanza kwamba swichi ya soketi imewashwa, kisha chomeka kitu kingine, kama taa au redio, mahali pale pale, hasa ikiwa unatumia ekstensheni ambayo matundu yake yamelegea. Umeme mdogo, ule unaofanya taa zififie saa mbili usiku, mara chache ndio unaosababisha simu isichaji kabisa. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja, na kwa kawaida utakuta kinapokea kuanzia volti 100 hadi 240, wakati umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya ni wa volti 240. Cha kuogopwa zaidi ni umeme unaorudi baada ya kukatika, kwa kuwa unaweza kurudi kwa nguvu ya ghafla na kuunguza vipuri vya ndani ya kichwa cha chaja. Ni vyema kuchomoa chaja umeme unapokatika na kusubiri dakika chache baada ya kurudi. Anayechaji kwa sola ndogo iliyounganishwa moja kwa moja na simu, bila betri katikati, ajue kwamba wingu likipita tu chaji hukatika na kurudi, na simu nyingine huacha kuchaji mpaka waya uchomolewe na kuchomekwa upya.

Hatua inayofuata ni waya, na hapa ndipo matatizo mengi huishia. Waya hukatika zaidi shingoni, pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo unapopindwa mtu anapolala huku anatumia simu. Dalili yake ni chaji inayoshika ukiupinda upande fulani na kuachia ukiuacha. Usizoee kuuegesha kwa kuubana chini ya kitabu au kuufunga kwa mpira, kwani mguso ulegevu huzaa joto, na joto hilo huharibu tundu la simu, ambalo gharama yake si ya waya tena. Azima waya mwingine unaofanya kazi kwenye simu nyingine, utumie na kichwa kile kile. Simu ikiendelea kugoma, rudisha waya wako wa awali na ubadilishe kichwa. Kwa wenye iPhone za kabla ya iPhone 15 iliyotoka mwaka 2023, tazama pia mistari minane ya rangi ya dhahabu kwenye pini ya waya: mmojawapo ukiwa umeungua na kuwa mweusi, waya huo umekwisha hata kama ngozi yake bado ni nzima.

Kuna dalili moja ya chaja mbovu ambayo watu huihusisha na kioo bure. Skrini ikianza kujibonyeza yenyewe, herufi zikajiandika au programu zikajifungua wakati simu iko kwenye chaji, na mambo hayo yakaisha mara tu unapochomoa, tatizo karibu kila mara ni kichwa cha chaja kinachotoa umeme usio safi. Kitupe. Kadhalika, usipime uzima wa simu kwa kuichomeka kwenye kompyuta, kwani tundu la kawaida la USB la zamani hutoa umeme wa ampea 0.5 tu, na simu kubwa iliyowashwa inaweza kuutumia wote bila asilimia kupanda hata moja.

Waya na kichwa vikithibitika kuwa vizima, geukia tundu la chaji. Simu inayokaa mfukoni au kwenye pochi hukusanya nyuzinyuzi za nguo na vumbi, na kila unapochomeka chaja, pini hushindilia uchafu huo chini kabisa, mpaka unakuwa tabaka gumu ambalo halionekani kwa kutazama juu juu. Kipimo chake ni rahisi: chomeka waya na utazame kama pini imezama yote. Ikibakiza mwanya mwembamba kati ya shingo ya pini na mwili wa simu, mwanya ambao zamani haukuwepo, au ikiwa haitoi tena ule mlio mdogo wa kukaa mahali pake na inachomoka kwa kuguswa tu, basi ndani mna uchafu.

Kuusafisha kunataka subira. Zima simu kabisa, kisha kaa penye mwanga na umulike ndani ya tundu kwa tochi ya simu nyingine. Chukua kijiti cha meno cha mti, ukichonge kwa wembe ncha yake iwe bapa na nyembamba, na kisiwe na unyevu wowote. Katika simu za Type-C, katikati ya tundu kuna kiulimi chembamba kinachobeba miguso yote ya umeme, na hicho kikivunjika hakiungiki. Kwa hiyo kijiti kipite pembeni tu, kati ya kiulimi na ukuta wa tundu, kikishuka taratibu hadi chini, kisha kikokote uchafu kuja juu badala ya kuchokonoa. Utashangaa jinsi kitakachotoka kinavyofanana na kipande cha blanketi. Rudia upande wa pili, geuza simu tundu likitazama chini, igongegonge kidogo kiganjani, na ujaribu tena kuchomeka. Sindano, pini ya kutolea laini na kipini cha nywele visiingie humo hata kidogo, kwa kuwa chuma kinaweza kuunganisha miguso miwili isiyopaswa kukutana au kukwangua tabaka lake la dhahabu. Kupuliza kwa mdomo nako hakufai, maana pumzi huingiza unyevu.

Unyevu ni suala linalojitegemea, hasa kwa wakazi wa pwani, ambako jasho na hewa ya chumvi hufanya miguso iote kutu ya kijani. Simu nyingi za sasa hujizuia zenyewe kuchaji zinapohisi maji tunduni na kuonyesha onyo au alama ya tone la maji. Onyo hilo liheshimiwe, kwani umeme ukipita kwenye mguso wenye maji huula haraka sana. Dawa maarufu ya kufukia simu kwenye mchele iachwe, na Apple yenyewe imeikataza kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Ushauri wao ni kuigonga simu kiganjani tundu likiwa chini, kuiacha mahali pakavu penye hewa kwa angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na kuvumilia hadi saa 24 kama onyo halijaondoka. Iliyozama kwenye maji ya bahari isisubiri hata hivyo: izimwe, isichomekwe kabisa, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo akaifungue na kuisafisha chumvi.

Ikiwa simu imezimika yenyewe na kukaa muda mrefu bila chaji, huenda betri imeshuka chini ya kiwango ambacho simu inaweza hata kuwasha alama ya betri. Katika hali hiyo huchajiwa kwanza kwa umeme kidogo sana huku kioo kikiwa cheusi. Iache kwenye chaja nzuri kwa nusu saa au zaidi bila kubonyeza kitufe kila dakika. Baada ya hapo ilazimishe kuwaka upya: kwa simu nyingi za Samsung, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa takribani sekunde 10; kwa iPhone kuanzia toleo la 8, bonyeza na kuachia cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni mpaka nembo itokee.

Hali nyingine ni ya simu inayosema inachaji huku asilimia zikisimama au kushuka. Mfano mzuri ni dereva wa bodaboda aliyeifunga simu kwenye usukani saa saba mchana, ramani imefunguliwa, mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho na waya umetoka kwenye pikipiki. Matumizi yanazidi kinachoingia, na juu ya hapo jua limeichemsha simu, nayo hupunguza au kusimamisha chaji ili kuilinda betri. Apple, kwa mfano, hutaka iPhone itumike penye joto la nyuzi kati ya 0 na 35, na kwenye usukani wakati wa jua kali kiwango hicho hupitwa bila shida. Iweke kivulini, ivue kava, izime, na uichaji ikiwa imezimwa. Ikipanda vizuri, haina ubovu. Kuitia kwenye friji ni kuikaribishia umande wa ndani. Na ikiwa chaji hukomea asilimia 80 kila siku, fungua mipangilio ya betri kabla ya kuhangaika, kwa maana yawezekana kinga ya betri imewashwa.

Yote haya yasimame mara moja ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeanza kuachia pembeni. Hiyo ni betri iliyovimba. Usiichaji, usiikandamize irudi mahali pake, usiitoboe kutoa hewa wala kuitupa motoni, kwa kuwa inaweza kulipuka moto na kutoa moshi wenye sumu.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na waya wako na kichwa chako, na umweleze ulichokwisha kujaribu. Kabla hujakubali kubadilishiwa kitu, mwombe apime kwa kipimo cha USB, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na simu, ni ampea ngapi zinaingia: pakisoma sifuri, njia imekatika kwenye tundu au bodi, umeme ukiingia vizuri lakini asilimia hazipandi na simu inapata moto, mashaka yahamie kwenye betri au kipuri kinachovuja umeme ndani. Katika simu nyingi za Android tundu hukaa kwenye kipande kidogo cha bodi kilicho chini ya simu, ambacho mafundi hukiita sistimu ya chaji, na hubadilishwa bila kugusa bodi kuu. Kipande hicho mara nyingi ndicho pia kinachobeba maiki. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, usitosheke na alama ya betri inayometameta: subiri asilimia zipande, angalia kama ile chaji ya haraka iliyokuwepo bado ipo, kisha piga simu kwa mtu na umuulize kama anakusikia vizuri.