Kuandika historia ya studio kutokana na kanda zake

Studio iliyoanzishwa na wanamuziki wenyewe huenda isiwe na majalada ya ofisi, lakini kanda zipo. Anza na maboksi. Yapige picha pande zote, pamoja na karatasi ya traki (orodha ya nini kilirekodiwa kwenye kila njia ya kanda) iliyokunjwa ndani. Humo mna majina ya wapigaji ambao jalada la santuri liliwaacha.

Anwani iliyochapwa hukusogeza karibu na mwaka. Wanamuziki Barry Beckett, Roger Hawkins, David Hood na Jimmy Johnson walitoka studio ya FAME mwaka 1969 wakafungua Muscle Shoals Sound katika 3614 Jackson Highway, Sheffield, Alabama, kisha mwaka 1978 wakahamia jengo jingine. Boksi la studio hiyo lenye anwani ya kwanza limetokana na miaka hiyo tisa. Kanda iliyomo si lazima, maana maboksi hubadilishwa.

Usiicheze bado. Inua rili (gurudumu lililozungushiwa kanda) mbele ya taa: mwanga ukipenya kwenye mizunguko, kanda ni ya plastiki ya asetati, na hiyo haipashwi joto kamwe. Usipopenya, yaelekea ni poliesta, plastiki ya aina nyingine. Poliesta nyingi za miaka ya 1970 na 1980, hasa kanda za chapa ya Ampex 456, zina gundi inayonyonya unyevu. Ukiicheza hutoa mlio mkali, hunata, na huacha uchafu wa kahawia kwenye hedi (sehemu ya mashine inayosoma kanda). Simamisha papo hapo! Uchafu huo ndio muziki wenyewe unaobanduka.

Kanda ya namna hiyo hukaushwa kwa nyuzi 54 za Selsiasi, saa 8 kwa upana wa robo inchi. Ya inchi 2 huhitaji muda mrefu zaidi. Tumia kikaushio chenye feni na kipimajoto cha pembeni, si oveni ya jikoni, kwani joto lake hupanda na kushuka. Iache ipoe kabisa, kisha inakili ndani ya wiki chache kabla unyevu haujarudi.

Angalia kama boksi limeandikwa kuwa mwisho wa kanda ndio uko nje. Ukiicheza hivyo itasikika kinyumenyume. Soma kasi (inchi 15 kwa sekunde ni ya kawaida) na kama ni NAB au IEC, viwango viwili vya kusawazisha sauti wakati wa kurekodi. Ukikosea hapo, besi na sauti kali hupotoka. Mlio wa kHz 10 mwanzoni ni wa kunyooshea hedi.

Nakili kidijitali kwa kHz 96, biti 24, bila kukata kitu. Maneno kati ya wimbo na wimbo, mtu akiitwa jina au akiomba warudie, huthibitisha nani alikuwa chumbani. Yaandike pamoja na dakika yake na namba ya boksi.